Kabla Mkuki wa Babu Haujapanda Mizani

Mnunuzi wa chuma chakavu haulizi historia ya kitu. Anaingia kijijini na baiskeli au pikipiki, mizani ya kuning'iniza na magunia yake, na kila kilicho chuma anakipa bei ileile kwa kilo: sufuria lililotoboka, rimu iliyopinda, kipande cha nondo, na katikati yake jembe lililofuliwa na mhunzi ambaye wajukuu zake sasa ni wazee. Huku Nyakitonto, mkoani Kigoma, na kote kuanzia Kasulu hadi Kibondo, zana zilizotengenezwa kwa mikono ya mafundi wa Buha, nchi ya Waha, zinaondoka kwa mtindo huo. Zinapelekwa mijini, zinayeyushwa, na chuma chake kinarudi dukani kikiwa nondo.

Anayeuza simlaumu. Mkuki uliosimama nyuma ya mlango miaka arobaini bila kazi haumnunulii mtoto daftari. Lakini wapo watu ambao wakiuona mkuki huo ndani ya gunia moyo unawauma: mwalimu wa historia, fundi wa kuchomelea, muuguzi wa zahanati, kijana aliyemaliza chuo akarudi nyumbani. Wanatamani kuuokoa na hawajui waanzie wapi. Nawaandikia hao. Ninalotaka kuwaambia ni hili: kitu cha kale ni shahidi, na mkusanyaji kazi yake ni kuhakikisha shahidi huyo bado anaweza kusema. Ukiupata mkuki ukaupotezea ushahidi wake, umeokoa chuma tu, na chuma hata mwenye mizani angekiokoa.

Ushauri wa kwanza utawashangaza wengi: usianze na mkuki, anza na jembe. Mkuki unavutia macho, una sifa ya vita na uwindaji, na kwa sababu hiyo ndio unaoghushiwa, ndio unaopandishwa bei, na ndio unaoweza kukuletea maswali kwa mgambo na polisi. Jembe la kienyeji halina makuu. Watu wanalidharau, kwa hiyo hakuna anayejisumbua kulighushi. Na kwa historia ya magharibi mwa Tanzania, jembe linasema mengi kuliko mkuki. Kwa muda mrefu kabla ya sarafu, jembe la chuma lilikuwa mali ya kubadilishana na mali ya mahari. Lilisafiri kutoka kwa wafua chuma hadi kwa wakulima, na kutoka hapo hadi kwa wenye chumvi. Kusini mwetu, kwenye chemchemi za Uvinza karibu na mto Malagarasi, watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walichimba huko mwaka 1967 na kulithibitisha hilo. Penye chumvi palikuwa na biashara, na penye biashara palikuwa na majembe.

Jifunze basi kulisoma jembe. Lishike asubuhi, jua likiwa bado chini, ili mwanga upite juu ya uso wake kwa upande. La mhunzi halina pande mbili zinazolingana sawasawa. Utaona vishimo vya nyundo, unene unaopungua kuelekea kingoni, na mahali ambapo chuma kilikunjwa kikapigwa kikashikana. Lile lililotokana na chuma kilichoyeyushwa kwa tanuri la kienyeji mara nyingi huonyesha nyuzi au matabaka pale kutu ilipolila, kwa sababu chuma hicho hakikuwa maji yaliyomiminwa. Kilitoka tanurini kikiwa bonge lenye uchafu ndani yake, na mhunzi akalipiga na kulipiga mpaka uchafu mwingi ukatoka. Jembe la kiwandani ni sawa kila upande na lina chapa. Jembe la mamba, ambalo babu zetu wengi walilijua, lilikuwa la kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza. Baadaye yakaja majembe ya UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam. Hayo nayo yana historia, na mkusanyaji mwenye busara atabaki na moja la kila aina ili awe na kitu cha kulinganishia. Mtu aliyeshika majembe ishirini ya aina tofauti, akayatazama bila haraka, hadanganywi kirahisi siku akiletewa mkuki.

Sasa tuje kwenye mkuki, maana najua hata nikikataza utautafuta.

Mikuki ya ukanda huu wa Maziwa Makuu kwa kawaida ina jani la chuma lenye mshipa katikati, shingo, na chini ya shingo tundu la kuingizia mpini. Tundu hilo halikutobolewa. Mhunzi alilipiga bamba likawa jembamba, akalizungusha mpaka kingo mbili zikakutana, ndiyo maana kwenye mikuki mingi ya zamani utaona ufa mwembamba unaoteremka kwenye shingo. Upande wa pili wa mpini mara nyingi kuna kitako cha chuma, cha kuusimamisha mkuki ardhini na kuusawazisha mkononi. Tazama kwanza ufa ule. Ukiukuta umejazwa kwa kuchomelea umeme, kuna mtu ameurekebisha au ameutengeneza juzi. Tazama mistari: diski ya grinda huacha mikwaruzo iliyopinda, inayofuatana kwa ukaribu ule ule, tofauti kabisa na mikwaruzo ya jiwe la kunolea. Geuza shingo uone kama kuna alama za mabonde ya nondo ambazo nyundo haikuzifuta. Kutu iliyosababishwa kwa chumvi au tindikali ya betri hukaa sawa kila mahali, rangi ya machungwa, na hubaki kwenye vidole. Kutu ya umri ni nyeusi au kahawia iliyokolea, ngumu, na haikai sawa: pale mikono ilipopita kwa miaka mingi utakuta pamelainika.

Hata hivyo usiwe mwepesi wa kutupa kila kilichotengenezwa kwa springi ya gari. Malori yalipoanza kupita nchi hii, wahunzi wetu waliona ndani ya springi iliyovunjika chuma bora kuliko walichokuwa nacho, wakakitumia. Kisu cha springi kilichofuliwa enzi ya ukoloni ni kitu cha kale halali, na kinaeleza jinsi fundi alivyokutana na ulimwengu mpya bila kuacha nyundo yake. Tatizo linakuja pale muuzaji anaposema ni cha kabla ya enzi hiyo. Kununua kitu kwa jina lake halisi hakuna hasara.

Katika haya yote kuna watu waliotutangulia mbali, nao ni Wajapani. Mwaka 1876 serikali yao ilipiga marufuku raia kubeba panga hadharani, na wahunzi wengi wa panga wakakosa kazi. Mwaka 1945, baada ya vita, majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani yaliamuru silaha zisalimishwe. Panga nyingi zikaharibiwa, nyingine zikachukuliwa na askari kama kumbukumbu. Wataalamu, akiwemo Honma Junji, wakawaeleza wakuu wa jeshi kwamba panga za zamani ni kazi za sanaa, si silaha za vita vile. Walisikilizwa. Mwaka 1948 kikaundwa chama cha kuhifadhi panga za sanaa, na mpaka leo kila upanga halali nchini humo una cheti chake cha usajili. Cheti hicho kinauhusu upanga wenyewe, kwa hiyo mwenye mali akifa au akiuza, karatasi inaufuata upanga.

Mkusanyaji anayeanza huko hufundishwa kwanza kuhusu mkia wa upanga, ile sehemu inayofichwa ndani ya mpini. Hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake. Hapo pia ndipo kutu hujikusanya kwa karne baada ya karne, na rangi yake humwambia mtaalamu umri wa chuma. Ubapa wa upanga unaweza kung'arishwa na fundi aliyesomea kazi hiyo kwa miaka mingi; mkia haung'arishwi na mtu yeyote. Asiyejua akaukwangua ili upendeze, amefuta ushahidi ambao hakuna fundi duniani anayeweza kuurudisha. Jina lililochongwa nalo haliaminiwi upesi, kwa sababu majina ya wahunzi mashuhuri yamekuwa yakighushiwa tangu zamani. Anayeanza huambiwa aangalie kazi ya chuma kwanza, jina baadaye.

Kwetu mhunzi kwa kawaida hakuchonga jina. Lakini mkuki wetu una mkia wake, na mkia huo ni ndani ya tundu la mpini. Humo kuna kutu ambayo haijaguswa, mabaki ya mti wa mpini wa kwanza, pengine utomvu uliotumika kugandisha. Mti unaweza kutambuliwa ni wa aina gani, na mabaki ya mti au mkaa yanaweza kupimwa umri maabara. Nimeona watu wema, wenye nia safi, wakitia bisibisi ndani ya tundu na kukwangua mpaka chuma kikang'aa, kisha wakaweka mpini mpya wa mti wa dukani na kupaka vanishi. Wameupamba mkuki na kuunyamazisha. Naomba sana, kama utakumbuka jambo moja tu katika makala haya, likumbuke hili: usisugue. Msasa, brashi ya waya, limau, ndimu, dizeli, tindikali ya betri, vyote viweke mbali. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu. Udongo ulioganda uache mpaka umwulize anayejua.

Kuna tahadhari nyingine ya huku kwetu Kigoma. Mawese tunayo tele na watu wanayapaka kila kitu, hata panga. Kwenye chuma cha kale usipake. Mafuta ya kula huganda, hushika vumbi, huchacha, na chini yake kutu inaendelea. Ukiona kutu iliyo hai, ile ya unga unga inayomenyuka kila wiki, pakaa mafuta mepesi ya cherehani kwa kitambaa cha pamba, kidogo sana, ufute yanayobaki. Usiyafikishe ndani ya tundu wala kwenye mpini. Kutu nyeusi iliyotulia haihitaji chochote zaidi ya ukavu. Usifunge kitu ndani ya mfuko wa nailoni, maana unyevu wa masika utabaki humo humo. Kifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, kiweke juu, mbali na ukuta wa udongo na mchwa. Jasho la mikono lina chumvi, kwa hiyo shika mpini, usishike jani. Wazee waliochomeka mikuki kwenye paa la jiko walikuwa na hekima yao: moshi uliwazuia wadudu wala mti.

Mpini, ala na waya tunavidharau mno. Wajapani wana wakusanyaji ambao maisha yao yote hawanunui upanga hata mmoja. Wanakusanya mapambo yake tu, hasa tsuba, lile bamba la chuma linalokinga mkono kati ya mpini na ubapa. Vimeandikwa vitabu vizima juu ya bamba hilo dogo. Sisi tunautoa mpini uliooza tukautia jikoni. Waya wa shaba uliosokotwa kuzunguka mpini ni kumbukumbu ya misafara, kwa sababu nyaya za shaba na vitambaa ndivyo vilivyobebwa kutoka pwani kuja Ujiji na kutumika kulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Msafiri Stanley alipokatiza nchi hii ya Buha mnamo Novemba 1871, siku chache kabla ya kumkuta Livingstone Ujiji, alilalamika sana juu ya doti za vitambaa alizotozwa na wakuu wa huku. Kwake lilikuwa balaa. Kwa wakuu wa Buha lilikuwa ni kutoza ushuru katika nchi yao wenyewe, na baadhi ya mali hiyo iliishia shingoni, mikononi na kwenye mipini. Kwa hiyo kisu kilicholegea katika ala iliyopasuka usikitenganishe na ala yake. Ala mbovu iliyokuwa na kisu tangu mwanzo ina thamani kuliko ala nzuri ya kuazima.

Halafu kuna daftari. Wengi wanaoanza huona ni kazi ya ofisini, wanaiahirisha, na wakija kukumbuka mzee aliyewauzia ameshazikwa. Andika siku hiyo hiyo. Kitu kilitoka nyumba ya nani, kijiji gani, kitongoji gani; kilitengenezwa na nani kama anajulikana; kinaitwaje kwa Kiha; kilitumika kwa kazi gani na nani aliruhusiwa kukishika; kilihama vipi. Swali hili la mwisho ni zito kwa eneo letu. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa mkoa huu na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 ikaja operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Wengine walikwenda Tanga kwenye mkonge wakarudi na vitu vya kwingine. Mkuki uliopo Nyakitonto leo pengine ulizaliwa mbali, ukahama mara mbili au tatu juu ya mabega ya watu, na safari hiyo ni sehemu ya ushahidi wake. Ukiwa na simu, mrekodi mzee akisimulia kwa lugha yake, kwa ridhaa yake. Sauti hiyo ikipotea haina mbadala, na ni ya thamani kuliko kitu chenyewe.

Umuhimu wa kujua kitu kimetoka wapi ulionekana wazi kwa kinyago cha Wamakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata kilikuwa tayari kimenunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva. Kilirejeshwa Tanzania mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Kama hata makumbusho makubwa ya Ulaya yaliweza kununua kitu cha wizi, wewe wa Kasulu ujihadhari mara mbili. Muuzaji asiyetaka kusema alikipata wapi, mwache na kitu chake. Na tunaishi jirani na kambi za wakimbizi. Nyarugusu ipo tangu 1996. Mtu aliyekimbia vita na kitu kimoja cha baba yake akija kukiuza kwa sababu ya njaa, kukinunua kwa bei ya kutupa hakukufanyi mwokozi wa historia. Akihitaji msaada, msaidie, na kitu chake kipige picha kibaki naye.

Kuhusu sheria, nitasema kwa ufupi lakini msome kwa makini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini na binadamu kabla ya mwaka 1863, na pia vitu vya utamaduni vya baada ya hapo ambavyo havikutengenezwa kama vinyago vya kuuzia watalii. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa. Ukikuta kitu ardhini, toa taarifa. Na kabla hujaanza kununua ili uuze tena, nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya ukaulize leseni zinazotakiwa. Mkusanyaji anayejulikana ofisini analala usingizi. Mpini wa pembe ya ndovu, ala ya ngozi ya chui au ya chatu, hizo ni nyara, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haijali kama ni za babu. Gobole la kale usilichukue hata kwa zawadi: silaha za moto zina sheria yake, ya mwaka 2015, na mahali pake pa kwanza ni kituo cha polisi. Mwarifu pia mwenyekiti wa kijiji kwamba unakusanya. Mtu anayebeba mikuki sita kwenye boda usiku, katika mkoa ambao umeona majambazi na wakimbizi kwa miaka mingi, hataulizwa kwanza kuhusu utamaduni.

Makatazo ya kuchimba yananigusa kwa sababu maalumu. Ukilima shamba ukakutana na mawe mazito meusi yaliyotobokatoboka, yanayong'aa kama yaliwahi kuyeyuka, hayo ni mavi ya chuma, mabaki ya tanuri. Karibu yake kunaweza kuwa na vipande vya mabomba ya udongo yaliyopitishia upepo wa mivukuto. Mnunuzi hayataki na mkulima anayatupa mpakani. Lakini huko Kagera, kwa mabaki ya aina hiyo, pamoja na wazee wa Kihaya waliokubali mwaka 1976 kujenga tena tanuri na kuyeyusha chuma kama walivyokumbuka ujanani, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza ulimwengu kwamba mafundi wa ukanda huu walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Taarifa yao ilitoka katika jarida la Science mwaka 1978. Nako Japani, mwaka 1977, kile chama cha panga kiliwasha upya tanuri la kienyeji liitwalo tatara katika mkoa wa Shimane, linalolishwa mchanga wa chuma na mkaa kwa siku tatu mchana na usiku, ili wahunzi wasikose chuma cha asili. Mwaka mmoja tu unatenganisha matanuri hayo mawili. Lao linawashwa hadi leo kila majira ya baridi. La Kagera lilibaki kwenye filamu na vitabu. Kwa hiyo mavi ya chuma shambani kwako usiyachimbue kuyapanga sebuleni. Yaache yalipo, weka alama, piga picha, mpigie afisa utamaduni. Likiondolewa mahali pake, jiwe hilo halisemi tena tanuri lilikuwa wapi na lilielekea upande gani wa upepo.

Vipo pia vitu ambavyo havikusanywi, hata mwenyewe akikubali kuuza. Katika nchi zote za Maziwa Makuu chuma kilikuwa cha kifalme na cha ibada. Karagwe, nyundo za mhunzi zilikuwa miongoni mwa alama za enzi. Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa, alikutwa amelazwa kichwa juu ya vyuma vya kufulia. Buha ilikuwa na wafalme wake, bami, wa Heru, Muhambwe, Buyungu na kwingine, mpaka uchifu ulipofutwa mwaka 1963. Na chini yao walikuwapo bateko, wenye dhamana ya ardhi na matambiko yake. Mkuki uliokuwa wa enzi au wa matambiko ni wa ukoo mzima, na kijana mmoja mwenye shida ya pesa hana haki ya kuuza. Ukiletewa, urudishe kwa wazee wa ukoo mbele ya mashahidi. Nimesikia wanaosema kwamba usipouchukua wewe atauchukua mgeni. Pengine ni kweli, lakini makabati ya Ulaya yalijazwa na watu waliojitetea kwa maneno hayo hayo. Berlin peke yake ina maelfu ya vitu kutoka Tanzania, na maonyesho yaliyofunguliwa katika jumba la huko la Humboldt Forum mwishoni mwa 2024 kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa yetu yalikuwa pia ni kujiuliza vilifikaje huko.

Kukusanya si lazima kuhamisha. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalomfaa zaidi mtu asiye na pesa. Pita nyumba kwa nyumba, kwa ruhusa, piga picha ya kila chuma cha kale upande kwa upande na rula pembeni, pima uzito, andika maelezo, mwachie mwenyewe nakala iliyochapwa. Mara nyingi karatasi hiyo peke yake inatosha kukiondoa kitu kwenye gunia la chakavu, kwa kuwa familia imeona kuna mtu aliyekithamini. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yalianza hivyo miaka ya 1950, padri David Clement na wenyeji wakikusanya ngoma na vitu vya watemi, na watu walivileta kwa sababu walijua vitabaki miongoni mwao. Kasulu au Kibondo tungeweza kuanza na chumba kimoja cha shule ya sekondari chenye kufuli nzuri.

Bei huulizwa sana. Soko la wazi la zana za kale za Buha halipo, kwa hiyo anayekutajia bei ya soko anakisia. Kanuni yangu ni kulipa juu kwa wazi kuliko chakavu, kumweleza muuzaji ninachojua kuhusu kitu chake kabla hajapokea pesa, na kumwandikia hati fupi yenye sahihi zetu wawili na ya shahidi. Anayebadili mawazo baada ya kusikia thamani yake, na akaamua kukihifadhi, amenisaidia kazi.

Jambo la mwisho kwa anayeanza linahusu kifo, na haliepukiki. Wakusanyaji wengi hufa na daftari kichwani, na ndani ya mwezi mmoja mizani inafika uani. Kila kitu kifunge kibandiko cha karatasi kwa uzi wa pamba, chenye namba inayolingana na daftari. Namba usiichonge kwenye chuma wala usiiandike kwa rangi ya mafuta. Nakala ya daftari iache kwa mtu mwingine, nje ya nyumba yako. Kisha katika wosia taja kwa jina ni kipi kinarudi kwa ukoo kilikotoka, kipi kinakwenda shule au makumbusho, na nani mwenye ufunguo.